Mtoto Wako Si Mtoto wa Jirani: Tujifunze Kusoma Kadi ya Kliniki

Swali ambalo sisi wauguzi wa kliniki ya watoto huulizwa pengine kuliko mengine yote ni hili: "Sista, mbona mtoto wangu hanenepi kama wa mwenzangu?" Huulizwa Mbagala, huulizwa Tandale, huulizwa Kimara. Mama amekaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi. Binti yake wa miezi 4 amepimwa akakutwa na kilo 5 na nusu, na binti wa jirani, aliyezaliwa wiki hiyo hiyo, ana kilo 8. Basi siku yake imeharibika. Akifika nyumbani bibi naye anaongeza la kwake, kwamba mtoto hashibi maziwa, aanzishiwe uji. Jioni ile ile uji unapikwa, au pesa ya kodi ya chumba inamegwa likanunuliwa kopo la maziwa ya unga. Wiki mbili baadaye mama yuko tena kwetu, safari hii na mtoto anayeharisha.

Hao mabinti wawili wote ni wazima. Kilo 5 na nusu na kilo 8 katika umri wa miezi 4 zote zimo ndani ya mipaka ya kadi. Kilichomharibia mama siku ni kuwa alimpima mwanawe kwa mtoto mmoja tu wa jirani, wakati kadi aliyoshika mkononi inampimia kwa maelfu ya watoto. Kwa maoni yangu, kadi hii ingeelezwa vizuri kwa wazazi, ingezuia kuhara kwingi kuliko dawa nyingi tunazogawa. Ndiyo maana mwezi huu naomba tuongee hesabu kidogo. Asiyependa hesabu asifunge ukurasa. Ni hesabu za sokoni.

Mistari ile ilitoka wapi?

Aliyewahi kununua mchele kwa gunia katika soko la Tandale anaifahamu kazi ya bambo. Mwenye mali hawezi kumwaga gunia zima chini ili mteja akague punje moja moja. Anachoma bambo, zinatoka punje za kujaa kiganja, na kwa kiganja hicho mteja anajua kama mchele una chenga, una mawe, au umechanganywa wa zamani na mpya. Kiganja hicho ndicho wataalamu wa takwimu wanakiita sampuli. Lakini mnunuzi mzoefu hachomi mahali pamoja tu. Anachoma juu, katikati na chini, tena hakubali mwenye mali ndiye amchagulie mahali pa kuchoma, kwa kuwa wapo wanaopanga mchele mzuri juu na chenga chini.

Mambo mawili yanafuata hapo. Kwanza, sampuli ikiwa ndogo mno, bahati ndiyo inayosema. Benchi lenye akina mama watano ni sampuli ya watoto watano. Akitokea mmoja mnene sana, wanne wote wataonekana wamekonda. Pili, hata sampuli kubwa inadanganya ikichotwa upande mmoja. Mimi nikikaa wodini mwezi mzima wakati wa mvua za masika, nikahesabu watoto ninaowaona, nitaapa kwamba watoto wote wa Temeke wanaharisha. Walio wazima wapo nyumbani wanacheza. Hawaji wodini ili niwahesabu.

Waliochora mistari ya kadi tunayoitumia sasa walilijua hilo. Shirika la Afya Duniani lilifanya kazi hiyo kuanzia mwaka 1997 hadi 2003. Walipimwa watoto wapatao 8,440 katika miji sita: Pelotas nchini Brazil, Accra nchini Ghana, Delhi nchini India, Oslo nchini Norwei, Muscat nchini Oman, na Davis katika jimbo la California nchini Marekani. Walichaguliwa watoto wanaonyonya maziwa ya mama, ambao mama zao hawavuti sigara, na ambao nyumba zao hazina dhiki ya kuzuia mtoto kukua. Kwa hiyo si sampuli ya watoto wote wa dunia, na haikukusudiwa iwe hivyo. Kilichotafutwa ni kujua mtoto hukuaje pale ambapo hakuna kinachomzuia. Vipimo vilitangazwa mwezi Aprili 2006, na mistari ya wavulana ikatengwa na ya wasichana.

Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya dunia ilitumia vipimo vilivyotolewa mwaka 1977 kutokana na watoto wa Marekani, na wale wachanga wengi wao walilelewa kwa maziwa ya chupa. Mtoto wa maziwa ya mama huongezeka kwa kasi katika miezi ya mwanzo, kisha hupunguza mwendo akilinganishwa na wa chupa. Kwa mistari ile ya zamani, mtoto anayenyonya vizuri kabisa alionekana ameanza kushuka katika miezi ambayo hakuwa na tatizo lolote. Tusiwalaumu sana bibi zetu wanaosisitiza uji wa mapema. Walilea katika miaka ya kadi zile.

Umbo la kengele

Sasa tuchukue wavulana 1,000, wote wazima, wote wametimiza mwaka mmoja leo. Tuwapange katika uwanja wa shule, kila uzito na foleni yake: wenye kilo 7 na nusu huku, wenye 8 wanafuata, 8 na nusu, 9, hadi 12 na zaidi. Foleni za katikati, karibu na kilo 9.6, zitakuwa ndefu sana. Kadiri unavyokwenda pembeni, huku na huku, foleni zinakuwa fupi, hadi za mwisho kabisa zenye mtoto mmoja mmoja. Ukipanda ghorofani ukatazama chini, utaona umbo kama kengele ya kanisani: limenyanyuka katikati, likateremka taratibu pande zote mbili.

Umbo hilo wataalamu wanaliita mgawanyo wa kawaida, na halikuanza na watoto wa kliniki. Mwaka 1846 Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, alipanga vipimo vya vifua vya askari 5,738 wa Uskochi, akakuta kengele hiyo hiyo. Hutokea mara nyingi pale ambapo mambo mengi madogo madogo yanachangia kitu kimoja. Uzito wa mtoto hautokani na sababu moja. Una urefu wa baba, una urefu wa mama, una uzito aliozaliwa nao, una jinsi anavyonyonya, anavyolala, malaria aliyougua au asiyougua. Kwa wengi, mengine yanampandisha na mengine yanamshusha, hivyo wanaishia karibu na katikati. Wachache wanapata yote ya kupandisha, na wachache wengine yote ya kushusha.

Upana wa kengele unapimwa kwa hatua. Katika watoto 100, wapatao 68 wako ndani ya hatua moja kutoka katikati, juu au chini. Wapatao 95 wako ndani ya hatua mbili. Nje ya hatua tatu hawafiki 3 katika watoto 1,000. Mistari ya kadi ndiyo hatua hizo. Kwa mvulana wa mwaka mmoja, hatua mbili chini ni kilo 7.7, na hatua mbili juu ni kilo 12.0. Tazama tofauti hiyo: wavulana wawili wa umri mmoja wanapishana zaidi ya kilo 4, na wote wawili wamo ndani ya mipaka. (Mwenye jicho kali ataona kwamba kutoka 9.6 kushuka ni kilo 1.9, na kupanda ni kilo 2.4. Ni kweli, kengele ya uzito ina mkia mrefu kidogo upande wa wazito, na waliochora mistari walilizingatia hilo. Kengele ya urefu imekaa sawa zaidi pande zote.)

Mstari wa katikati ndio unaosumbua wazazi. Wengi wanaudhani kuwa ni alama ya kufaulu, kama 50 katika mtihani, na aliye chini yake amefeli. Lakini nusu ya watoto wazima wote wako chini ya mstari huo. Haiwezekani iwe vinginevyo. Ndiyo maana ya kuwa katikati. Kumtaka kila mtoto awe juu ya wastani ni kama kuitaka kila familia ya parokia iwe na nyumba ndefu kuliko ya jirani yake.

Je, aliye chini ya hatua mbili ni mgonjwa? Kengele inasema kwamba hata kati ya watoto wazima kabisa, kama 23 katika 1,000 watakuwa huko chini kwa maumbile yao tu. Hapa ndipo baadhi ya wazazi hujifariji mapema mno. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulikuta kwamba watoto 12 katika 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wana uzito pungufu kwa umri wao. Kengele ingetuonyesha 2 au 3. Maana yake ni kwamba katika hao 12, wengi hawako pale kwa maumbile. Wapo kwa njaa, kwa kuhara, kwa minyoo, kwa kifua kikuu, kwa kuachishwa ziwa ghafla. Aliye chini ya mstari achunguzwe kwanza; habari ya maumbile ije mwisho.

Nukta moja haitoshi

Mzani nao una mambo yake. Ule wa kuning'iniza tunaoutumia katika vituo vingi una alama za gramu 100. Mtoto aliyenyonya muda huo huo ameongeza gramu zake, nepi iliyolowa nayo ina uzito, sweta nalo, na anayerusha miguu anaichezesha sindano. Mpime mtoto mmoja mara tatu asubuhi moja na unaweza kupata namba tatu. Kwa hiyo aliyekuwa na kilo 9.1 mwezi uliopita na leo ana 9.0, bado hatujui kama amepungua. Apimwe tena, akiwa amevuliwa nguo, na mzani urudishwe kwenye sifuri. Tukiweka nukta nyingi, mwezi baada ya mwezi, hayo makosa madogo yanafutana na njia ya mtoto inaonekana.

Njia ndiyo habari yenyewe. Tuchukue mfano wa binti mwenye kilo 4.7 katika miezi 3, kilo 5.9 katika miezi 6, kilo 6.7 katika miezi 9, na kilo 7.2 alipotimiza mwaka. Huyu ni mdogo. Kila aliyekaa naye benchi moja atamhurumia mama yake. Lakini weka nukta zake kwenye kadi: zimepanda sambamba na mistari, juu kidogo tu ya ule wa hatua mbili chini, mwaka mzima. Kama anacheza, ananyonya, na hana dalili za ugonjwa, anakua kwa njia yake. Aendelee kupimwa kila mwezi, wala hahitaji kopo.

Sasa mvulana mwingine. Miezi 6, kilo 8.8. Miezi 9, kilo 8.9. Mwaka, kilo 8.6. Huyu alikuwa mnene mikononi mwa mama, majirani wanamsifu, na kila alipopimwa alikutwa ndani ya mipaka. Lakini katika miezi 6 alikuwa hatua moja juu ya katikati. Katika miezi 9 alikuwa katikati kabisa. Na sasa yuko hatua moja chini. Ameanguka hatua mbili katika nusu mwaka huku kila mtu akisema anaendelea vizuri. Mimi huyu ndiye ananinyima usingizi, wala si yule binti. Pengine uji wake ni unga na maji na sukari tu, bila karanga, dagaa wala maharage. Pengine anaharisha mara kwa mara na hakuna aliyeona ni jambo la kuulizia. Pengine mama ana mimba nyingine na amemwachisha ziwa. Katika mwezi wa tisa bado jambo hili lilikuwa jepesi kurekebisha.

"Kwetu sisi ni wafupi"

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike. Ukimwambia baba kwamba mwanawe ni mfupi kwa umri wake, jibu ni moja: "Sista, ukoo wetu ni wafupi." Kwa mtoto mmoja siwezi kumbishia moja kwa moja, kwa kuwa huenda ni kweli. Kwa taifa zima ninambishia.

Utafiti ule wa 2022 ulikuta kwamba watoto 30 katika 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani urefu wao uko chini ya hatua mbili kwa umri wao. Tena kengele ingetupa 2 au 3. Mkoani Iringa, ambako chakula kinalimwa kwa wingi, ilikuwa 57 katika 100. Hapa si kwamba kila kabila lina wafupi wake wachache. Kengele nzima imesukumwa upande wa chini, pamoja na wale walio katikati yake.

Wapo watakaosema mistari ni ya Wazungu. Nimetaja Accra na Muscat hapo juu kwa makusudi. Watafiti walipolinganisha urefu wa watoto wa ile miji sita, walikuta kwamba katika tofauti yote iliyopo kati ya watoto, asilimia 3 tu ilitokana na mji anakotoka mtoto. Asilimia 70 ilikuwa tofauti kati ya mtoto na mtoto ndani ya mji ule ule. Mtoto wa Accra aliyenyonyeshwa na kulishwa vizuri alikua sawa na wa Oslo. Katika miaka mitano ya kwanza, mtoto wa Yombo angeweza vivyo hivyo.

Tena damu ya ukoo haibadiliki katika miaka 12. Mwaka 2010 waliodumaa nchini walikuwa 42 katika 100. Mwaka 2015-16 walikuwa 34. Mwaka 2022 ndipo wakawa 30. Ukoo ni ule ule, mababu ni wale wale, na watoto wamerefuka.

Mtu anaweza kuuliza kama na namba hizi hazikuchotwa upande mmoja wa gunia. Ni swali zuri. Wachunguzi wa 2022 hawakukaa hospitalini kusubiri wagonjwa. Nchi iligawanywa katika maeneo madogo, yakachaguliwa 629 kwa bahati nasibu, Bara na Zanzibar, mjini na vijijini. Kisha katika kila eneo zikachaguliwa kaya 26, jumla kaya 16,354, na watoto wakapimwa huko huko nyumbani. Hilo ndilo bambo lililochomwa juu, katikati na chini. Wingi nao una kazi yake. Ukichagua watoto 10 tu katika mtaa, hata kama kweli waliodumaa ni 30 katika 100, kama mara 15 katika 100 utakuta mmoja tu au hakuna kabisa, na utaondoka ukisema mtaa huu hauna shida. Ukichagua 1,000 kwa haki, huwezi kukosea kwa kiasi hicho.

Kwa hiyo mzazi asiseme, "Mbona kwenye jumuiya yetu sijamwona hata mmoja?" Watoto wa jumuiya moja ni wachache. Isitoshe, udumavu hauonekani kwa macho pale ambapo wengi wamedumaa. Mtoto anaonekana mdogo kiumri, basi. Ndiyo sababu sifurahii kwamba vituo vingi huishia kwenye uzito na havipimi urefu. Ubao wa kupimia urefu si kitu cha gharama kubwa, na fundi seremala anaweza kuutengeneza akipewa vipimo sahihi.

Jambo jingine nisilolipenda ni kadi zenye namba bila nukta. Nimeshika kadi nyingi za namna hiyo, uzito umeandikwa kwa kalamu miezi minane mfululizo, na mchoro mtupu kama siku ulipotoka kiwandani. Ninajua foleni zilivyo; muuguzi mmoja na akina mama themanini kabla ya saa sita. Lakini namba bila nukta haimwambii mama chochote zaidi ya kumpa la kulinganisha na jirani. Mama, au baba ukimsindikiza, omba nukta iwekwe mbele yako, kisha uliza swali moja: "Sista, njia yake inapanda, imelala, au inashuka?" Mwuguzi hatachukia. Ikiwa imelala miezi miwili au inashuka, usiondoke kabla hamjaongea kuhusu chakula na magonjwa. Na akiwa na miguu iliyovimba, au hali, au amelegea, usisubiri kabisa siku ya kliniki.

Hadi miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Kuanzia hapo chakula laini mara 2 au 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 mara 3 au 4, huku akinyonya hadi miaka 2 na zaidi.

Neno kwa wenye watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wakiwamo mapacha wengi. Hao wasisomwe kwenye kadi kwa tarehe ya kuzaliwa tu. Aliyezaliwa miezi 2 kabla ya siku zake, akifika miezi 6 mlinganishe na mistari ya miezi 4. Mkumbushe muuguzi jambo hilo mapema, kabla hajaweka nukta.